Biri Tisa Ufipa

Usiku wa kuamkia safari mwenzangu alikagua begi langu. Sweta mbili, sawa. Dawa ya malaria, sawa. Alipofika kwenye kisanduku cha mbao akakifungua, akahesabu kimoyomoyo, akanitazama. "Unakwenda Sumbawanga kutembea au kuchoma pesa?" Nikamjibu kwamba nakwenda kufanya vyote viwili, na huo ndio ulikuwa ukweli.

Ndani mlikuwa na biri tisa. Kwa asiyezijua, biri ni tumbaku tupu, haina karatasi wala kichungi. Katikati kuna majani ya ujazo yaliyokunjwa kwa mkono, yakashikwa na jani la kufungia, kisha likazungushiwa jani la nje, ambalo ndilo zuri kuliko yote na ndilo linalopandisha bei. Moshi wake haumezwi. Unauweka mdomoni, unaugeuza ulimini kama mpishi anayeonja mchuzi kabla ya kuongeza chumvi, unautoa. Najua madaktari wanasemaje, na sina ubishi nao: kinywa nacho huugua. Mimi huvuta moja au mbili kwa mwezi, na anayetaka kunicheka simzuii.

Shemeji yangu anayeishi Muscat ndiye aliyeniletea, aina tatu, kila aina tatu. Ya kwanza ilikuwa Montecristo No. 4 ya Cuba, fupi na nyembamba, urefu wake milimita 129. Jina limetoka kwenye riwaya ya Alexandre Dumas, kwa kuwa katika viwanda vya Cuba, tangu mwaka 1865, wakunja biri huwa na msomaji anayeketi kwenye jukwaa akawasomea magazeti na hadithi huku mikono yao ikiendelea na kazi. Ya pili ilikuwa Padrón ya Nicaragua, nyeusi, iliyobanwa hadi ikapata pembe nne. Ya tatu ilikuwa Arturo Fuente Hemingway ya Jamhuri ya Dominika, iliyochongoka ncha zote mbili. Hiyo niliipenda kabla sijaiwasha, maana jani lake la nje hulimwa Kamerun. Ukilipitishia kidole unasikia vipele vidogo kama ngozi ya mtu aliyeshikwa na baridi. Sisi Tanzania tunalima tumbaku kwelikweli, Urambo, Chunya, Mpanda, lakini hiyo ni ya mvuke, ya kwenda kwenye sigara za pakiti. Biri tunaletewa na mashemeji.

Anayelinganisha biri hushauriwa akae mahali pamoja, saa ileile, kinywa kisafi, abadilishe biri tu. Mimi nilitaka kufanya kinyume: biri zilezile, nibadilishe mahali. Kwa kazi hiyo sijui pengine panapofaa kuliko Ufipa. Nyanda hizo zimekaa kama tandiko juu ya mgongo wa punda: mashariki bonde la Ziwa Rukwa, magharibi Ziwa Tanganyika, na katikati uwanda ulioinuka karibu mita 1,800. Maziwa yote mawili yako chini yake kwa kiasi cha kilomita nzima. Unaweza kuamka kwenye baridi ya sweta mbili na saa sita mchana ukawa unajipepea kwa kofia.

Laela

Ukitoka Tunduma, milima inarudi nyuma na nchi inafunguka. Ilikuwa Juni, mahindi yameshavunwa, mabua yamesimama makavu hadi upeo wa macho, na kando ya barabara magunia ya maharage yamejipanga yakisubiri wanunuzi. Laela tulisimama kunyoosha miguu. Nikaona ndiyo nafasi ya kutazama kama kisanduku kimestahimili safari, nikatoa Padrón moja na kuinusa.

Mgambo mmoja kijana alinisogelea. "Kaka, huo msokoto wa nini?" Nikasema tumbaku. "Tumbaku nene hivyo?" Abiria wakaanza kukusanyika. Nikampa ainuse mwenyewe. Akainusa, akampa dereva, dereva akampa mama aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha. Mama akaipitisha chini ya pua taratibu, macho amefumba, akatoa hukumu: "Hii tumbaku. Bangi hainuki kahawa." Kimya kidogo. Kisha mgambo akamwuliza, "Na wewe mama umejuaje?" Watu wakaangua kicheko, mama akawa wa kwanza. Nikarudishiwa biri yangu na yai moja la bure.

Sumbawanga

Wenyewe hukueleza jina la mji kabla hujauliza: sumba ni kutupa, wanga ni uchawi. Ukiingia, tupa uchawi wako. Nchi nzima inautania mji huu kwa mambo ya radi na ungo, na wenyeji wamezoea. Mwenye chai alinihakikishia kwamba radi za kiangazi "zimekwenda likizo". Kilichonishangaza mimi ni baridi. Saa kumi na mbili jioni watu wanatembea wamejifunika mablanketi mabegani, na chai ya tangawizi inauzwa kwa kasi ambayo Dar es Salaam huioni hata kwa maji.

Sokoni nilikwenda moja kwa moja palipouzwa tumbaku. Bibi aliyekuwa na meza hiyo alipokea shikamoo yangu kwa kupiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo, ndivyo watu wa huku wanavyosalimu kwa heshima. Mezani alikuwa na tumbaku iliyosukwa kama kamba, mabonge meusi ya duara, na ugoro kwenye makopo. Nikanusa kamba moja. Harufu ilinipiga puani kama banda la mbuzi asubuhi. Hiyo ni harufu ya amonia. Watengeneza biri wa Cuba huyavundika majani kwa marundo makubwa, rundo likajipasha moto lenyewe kutoka ndani, wakalipangua na kulipanga upya mara kadhaa hadi amonia iondoke. Kazi hiyo huchukua miezi, kwa jani zito hata miaka. Hapa jani lilivundikwa kidogo, likasukwa, likaletwa sokoni. Mnunuzi wake anataka nguvu, na nguvu ipo.

"Onja mwanangu," bibi akasema, akanitilia ugoro kwenye ukucha wa kidole gumba. Nikavuta. Nilipiga chafya saba, machozi yakanitoka, bibi akahesabu pamoja nami. Ya saba alisema, "Sasa umefika Sumbawanga."

Jioni ile, uani kwenye nyumba ya wageni, nikawasha Montecristo ya kwanza. Dar es Salaam biri hii huanza na harufu ya mbao za mwerezi, ikashuka kwenye kahawa ya maziwa, mwisho kakao. Hapa iliruka hatua. Hewa kavu ililikausha jani nikiwa nimelishika. Moto ukala upande mmoja, ikawaka mbio, na kahawa ikatoka chungu kama iliyosahauliwa jikoni. Baada ya dakika ishirini na tano ilikuwa imekwisha. Usiku uliofuata nikajaribu Fuente. Jani la Kamerun lilivumilia zaidi, likatoa utamu wa korosho za kukaanga, ila nalo lilikuwa na haraka. Niliandika daftarini: uwanda unazifanya biri zote ziongee kwa sauti ya juu.

Mbizi

Milima ya Mbizi iko mlangoni mwa mji, na sehemu kubwa ni majani mafupi ya rangi ya simba, yanayolala na kuinuka kwa upepo. Msitu umebaki mabondeni na kwenye makunjo ya milima. Humo wamo mbega wekundu, na niliwasikia bila kuwaona. Nilipanda hadi pale ardhi inapokatika ghafla. Ukingo huo wanauita Lyamba lya Mfipa. Chini, mbali, ndani ya ukungu wa moshi na vumbi, Ziwa Rukwa lilikuwa mstari mweupe usiojulikana kama ni maji au mbingu. Mskoti Joseph Thomson, aliyepita nyanda hizi mwaka 1880, aliliona ziwa hilo akaliita Leopold, jina la mfalme wa Ubelgiji. Wenye ziwa hawakuambiwa, na jina halikushika.

Pale ukingoni nikatoa Montecristo ya pili. Upepo ulizima kiberiti mara sita. Mara ya saba moto ukashika, na nilipovuta mara ya tatu nikasikia mlio mdogo, kama bua likivunjika: jani la nje lilipasuka kutoka kichwani hadi katikati. Sababu yake naijua. Jani la nje ndilo la kwanza kunyang'anywa unyevu, likanywea, na ujazo wa ndani bado umejaa. Nililamba kidole nikajaribu kulibandika, kama mtoto anayeziba tiara iliyochanika. Halikukubali. Nikaizika biri ya Cuba kwenye mlima wa Ufipa, nikaketi nikatazama bonde hadi jua likageuka. Kama ningeambiwa nichague, ningebaki na bonde.

Kijiji kimoja upande wa Nkasi

Hapa nilikaa siku mbili, na ningeweza kuandika juu ya kijiji hiki pekee.

Nilikuja kwa ajili ya malungu, matanuri ya kuyeyushia chuma. Yanasimama bado kwenye mashamba na vichakani, ya udongo, yamepanda kufikia mita tatu, mengine yameegemewa na miti iliyoota baada yake. Mafundi wa Ufipa waliyeyusha chuma humu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, wakati majembe ya viwandani na utawala wa kikoloni vilipoiua kazi yao. Tanuri lilipambwa kama bibi harusi, na fundi alikuja na kikapu chake cha dawa. Lakini kilichonifanya nizunguke tanuri moja mara nne ni mashimo ya chini. Tanuri hili halikutumia mivukuto. Urefu wake wenyewe ulitosha: moto ukishashika, joto hupanda, hewa baridi huingia kwa mashimo ya chini kupitia mirija ya udongo, na tanuri linajivutia pumzi siku nzima na usiku. Mivukuto ilitumika baadaye, kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe, la kusafishia chuma kilichopatikana.

Nisamehewe, nilifikiria biri. Fundi wa biri hupimwa kwa jambo hilohilo. Akibana ujazo mno, hewa haipiti, unavuta hadi mashavu yanauma. Akilegeza, inawaka kama karatasi. Mvuto mzuri ni ule ambao hewa inapata njia bila kulazimishwa. Wafipa walilijua hilo kwa udongo na mkaa, kwa kiwango cha kutengeneza majembe ya nchi nzima.

Mzee aliyenikaribisha kwake alinieleza habari nyingine niliyoikuta pia vitabuni. Zamani watawala wa Ufipa walikuwa wa Milansi, watu wa uhunzi. Siku moja mtawala akiwa hayupo, wakaja wanawake watatu wageni, Watwa, wakakikalia kiti chake. Aliporudi akakuta utawala umehama. Akabaki na heshima ya mambo ya mizimu, na wageni wakachukua nchi. Uzao wao ndio uliokuja kugawanyika falme za Nkansi na Lyangalile. "Ndiyo maana," babu akasema, "mimi kiti changu sikiachi," na kweli hakuinuka nilipoingia.

Shambani kwake nilioneshwa intumba. Mvua zinapokaribia kwisha, majani hulimwa na kugeuzwa, yakarundikwa na kufunikwa udongo, shamba zima likawa vichuguu vya duara. Ndani yake majani huoza na kupata joto, na msimu unaofuata kichuguu hutawanywa ukapandwa ulezi au mahindi. Niliingiza mkono kwenye kimoja kilichofukuliwa: kilikuwa baridi kwa sasa, lakini harufu yake ilikuwa ileile ya tumbaku iliyovundikwa ikakomaa, udongo mtamu usio na ukali. Kumbe elimu ya kuvundika ipo hapa, tena ya miaka mingi. Wameipeleka kwenye chakula.

Jioni ililetwa kimpumu, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija. Maji ya moto huongezwa kila yanapopungua, na chungu kimoja kinazungusha wazee watano hadi usiku. Nikaona wakati umefika, nikampa babu Padrón moja, nami nikawasha yangu. Babu aliigeuza, akainusa, akatabasamu. Kisha akatoa kisu, akaikata vipande, akavichambua, akajaza kiko chake na vilivyobaki akavifunga kwenye kitambaa. Moyo wangu ulipiga kelele, mdomo ukanyamaza. Alivuta muda mrefu. Wenzake wakasubiri.

"Tamu," akasema hatimaye. "Lakini haina nguvu. Hii ni tumbaku ya mtu aliyeshiba."

Akanipa kiko chake kilichojazwa tumbaku ya nyumbani. Nilivuta mara mbili bila kumeza moshi. Mara ya tatu kwikwi ilinishika, kichwa kikawa chepesi, jasho jembamba likanitoka kwenye baridi ile. Wapo waandishi wanaopenda kurudi mjini wakisema cha kijijini ndicho bora. Mimi sitasema. Tumbaku ya babu ilikuwa kali, chungu na yenye amonia, na sina hamu nayo tena. Padrón yangu, kwa upande wake, ilikuwa biri pekee iliyoshinda uwanda: kakao, pilipili manga, udongo, na jivu lake jeupe lilikaa hadi nusu bila kudondoka. Ujazo wake ulikuwa na mafuta ya kutosha kubishana na ukavu.

Muze

Barabara ya Ntendo kwenda Muze inateremka kwa mizunguko, na kila mzunguko unavua nguo moja. Juu kulikuwa na ulezi na maharage. Chini tukapokelewa na mpunga, miembe na joto. Ziwa Rukwa ni la maji ya magadi, halina kina kirefu, na ukingo wake husogea mbele na nyuma kufuata mvua za miaka. Wavuvi walinionesha kambale wa urefu wa mkono na wakanionya juu ya mamba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyoonya juu ya bodaboda.

Hofu yangu ilikuwa nyingine. Mayai ya fukusi wa tumbaku hulala ndani ya biri bila kuonekana, na joto likizidi kama nyuzi 25 hivi, huanguliwa na kutoboa jani. Niliwaeleza akina mama waliokuwa wakianua mpunga. Hawakucheka hata kidogo. Fukusi wanamjua, mmoja akanishauri nichanganye biri zangu na majivu.

Fuente ya pili niliivuta chini ya mwembe saa tisa alasiri, wakati hata mbwa hawatembei. Joto lilikuwa limelainisha jani hadi likang'aa mafuta. Ilikuwa tamu kupita kiasi, mdalasini na sukari guru, kama chai ya arusini. Nusu yake ilinitosha.

Kalambo

Mto Kalambo unaanguka kwa mruko mmoja zaidi ya mita 200, mpakani na Zambia, na korongo marabu hujenga viota kwenye kuta za bonde lake la mawe. Juu ya maporomoko, upande wa Zambia, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kupachikana, yenye umri wa takriban miaka 476,000, kabla hata ya binadamu wa aina yetu kuwepo. Sikuwasha kitu pale. Ukungu wa maji ungeizima biri, na nilikuwa na kazi ya kutazama.

Kasanga

Wajerumani walipaita Bismarckburg. Leo ni bandari ndogo ya Ziwa Tanganyika inayokaa mguuni mwa milima, mitumbwi ya dagaa imepumzika mchangani mchana ikisubiri usiku wa karabai. Meli iliyozoeleka hapa kwa miaka mingi ilikuwa Liemba: ilishushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 isichukuliwe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria. Nilikula mgebuka wa kuchoma na ugali, mikono ikinuka ndimu, nikashuka ufukweni na Montecristo ya mwisho.

Jua lilikuwa linazama ng'ambo. Upepo wa ziwa ulikuwa na unyevu, mwepesi, na biri iliyokuwa imeteseka wiki nzima ilikuwa imerudisha ulaini wake kisandukuni, nilipoibonyeza haikulia. Njiti moja tu. Ikashika duara zima. Mwerezi ulikuja, kisha kahawa ya maziwa, kila kimoja kwa zamu yake na bila kusukumana. Kwenye ziwa hilihili, mbali kaskazini, Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma kwenda Kongo na kundi lake la Wacuba. Majina yao ya vita waliyatoa kwenye hesabu yetu: Dreke, mmoja wao, akawa Moja, mwingine Mbili, Che mwenyewe, mpenzi mkubwa wa biri, akawa Tatu. Novemba alirudi ameshindwa. Nilikaa dakika hamsini na Montecristo ile, mara mbili ya ile ya Sumbawanga. Asubuhi, baada ya chai, nikamalizia Fuente ya tatu nikitazama dagaa wakianikwa, nayo ilikuwa nzuri, lakini si kama ile.

Basi hukumu yangu ni hii. Uwandani vuta Padrón, au biri yoyote nene yenye mafuta, na ujikinge na upepo. Rukwani usivute kitu, kula kambale. Jani la Cuba lisubirishe hadi ufike Kasanga. Na kama unaweza, nenda mvua zinapokwisha, Aprili au Mei, kabla hewa haijakauka; utazikuta pia intumba zikiwa mbichi.

Padrón ya tatu imo kabatini kwangu Dar es Salaam. Ni ya babu wa Nkasi. Aliniagiza nimrudishie nyingine, ila akasisitiza nitafute iliyo kali zaidi.